Mwanzi wa pipa Kikambala: jiwe, chumvi na nafasi

Vitabu vya bustani vilivyoandikwa Ulaya na Marekani humshauri msomaji autie mwanzi chunguni ili usimtoroke. Huko wanaihofia mianzi ya nchi za baridi, jamii ya Phyllostachys, ambayo matunguu yake hutambaa mita kadhaa chini ya ardhi na kuibukia kwa jirani. Hapa Kikambala, pwani ya Kenya, hofu hiyo haina mahali. Mianzi inayostawi joto hili ni ya aina nyingine: Bambusa vulgaris, ule wa manjano wenye michirizi ya kijani, na Bambusa multiplex, mwembamba, mzuri kwa kukinga macho ya wapita njia. Yote miwili hujikusanya kichaka kimoja na kutulia hapo. Anayeipanda kwenye pipa ana sababu nyingine kabisa, na asipoielewa atakosea tangu siku ya kujaza udongo.

Sababu yenyewe ni jiwe. Ufuo huu umekaa juu ya matumbawe ya kale, na katika viwanja vingi vilivyo karibu na bahari jembe hugonga mwamba mapema sana. Yaliyowahi kutokea mtu alipojaribu kuotesha mimea juu ya mwamba huo yanajulikana. Kusini kidogo, Bamburi, mwaka 1971 mtaalamu wa kilimo René Haller alipanda aina 26 za miti kwenye sakafu tupu ya machimbo ya kiwanda cha saruji. Baada ya miezi sita zilibaki 3: mvinje, mnazi na Conocarpus lancifolius. Mvinje ulitawala kwa sababu huvumilia chumvi, na mizizi yake hukaa na vijidudu vinavyoitengenezea naitrojeni kutoka hewani. Mwanzi hauna hata moja kati ya hayo mawili. Ni nyasi, tena nyasi mlafi, inayotaka udongo wenye mbolea na maji yasiyo na chumvi. Kwa hiyo pipa si gereza la mwanzi. Ni njia ya kuuletea udongo ambao Kikambala ya ufuoni haina.

Udongo huo ni ule mwekundu wa upande wa bara, ng'ambo ya barabara kuu ya Malindi. Madebe mawili ya udongo, moja la samadi iliyooza vizuri na moja la makumbi ya nazi yaliyochambuliwa ni mchanganyiko mzuri wa kuanzia. Lakini makumbi yana mtego wake. Yale yaliyofukiwa kwenye tope la bahari ili yalainike kwa kusokota kamba yamekunywa chumvi, na kuyatia kwenye pipa ni kuipanda chumvi pamoja na mche. Chukua makavu ya shambani, yaloweke, umwage maji, urudie. Mchanga wa ufuoni usiuguse kabisa. Umejaa vipande vya makombe na matumbawe, yaani chokaa, na chokaa hufunga madini ya chuma hata yakiwa tele. Majani hugeuka manjano huku mishipa ikibaki kijani. Wengi wakiona hivyo huongeza samadi, wala haisaidii, kwa kuwa chakula kimo ndani ila mizizi haiwezi kukichukua.

Haya yote hurekebishika. Kinachoua ni maji. Visima vingi vya karibu na ufuo hutoa maji yenye ladha ya chumvi, na ardhini mvua huisukuma chumvi ile chini kila masika. Kwenye pipa haina pa kwenda. Kila ndoo ya maji ya kisima huleta chumvi kidogo, jua na majani huondoa maji, chumvi hubaki. Kaskazi ya Januari hadi Machi ndiyo hukamilisha kazi: joto kali, mvua hakuna, mtunzaji anamwagilia kila siku kwa bidii, na kadiri anavyomwagilia ndivyo anavyoongeza sumu. Ncha za majani hukauka kwa rangi ya kahawia, ukingo wa pipa hufanya utando mweupe. Ukiuona utando huo, usipunguze maji. Mimina maji matamu mengi kwa mara moja, hata mara mbili ya ujazo wa pipa, yapite hadi yatiririke chini.

Maji matamu yatoke wapi? Mfereji unaoleta maji ya Baricho, kutoka mto Sabaki, unafaa siku unapotoka. Chanzo kingine ni mvua. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya paa ni lita moja, hivyo hata kibanda kidogo cha mabati hujaza tangi katika wiki chache za masika. Makuti hayafai kwa kazi hii, ingawa ndiyo yanayopendeza machoni pa wageni.

Chombo chenyewe: pipa la plastiki la lita 200 lililokatwa katikati. La chuma huliwa na hewa ya bahari. Mtungi wa shingo nyembamba ni kosa la kulipia baadaye, kwani mwanzi ukishajaa hautoki bila kuuvunja mtungi. Pipa jeusi hupikwa na jua la alasiri na mizizi ya upande huo hufa, basi lipakwe chokaa, nje tu. Litobolewe matundu mengi chini na kuwekwa juu ya mawe, la sivyo mizizi itashuka kuyatafuta maji ya mwambani na kuyaleta yale yale uliyokuwa ukiyakimbia. Upepo wa kusi huangusha vichaka virefu. Yapange mapipa yakigusana na uyafunge.

Mtu asitegemee nguzo. Chipukizi la mwanzi hutoka ardhini likiwa na unene wake wa mwisho, haliongezeki tena, na unene huo huamuliwa na akiba iliyohifadhiwa katika tunguu. Tunguu likibanwa, chipukizi huwa jembamba. Bambusa vulgaris unaofika mita 15 shambani utakupa mita tatu au nne pipani. Anayetaka fito za kujengea apande mvinje, kama wakulima wengi wa Kilifi wanavyofanya. Mwanzi pekee ninaoujua unaopendeza zaidi kwa kubanwa ni Bambusa ventricosa, uliopewa jina na mtaalamu wa mimea McClure mwaka 1938: ardhini hunyooka kama mwingine wowote, chunguni, ukiwa na kiu, pingili zake huvimba kama vibuyu, na wauza maua wa Asia huubana makusudi.

Mwaka wa pili au wa tatu tunguu hujaza pipa. Maji hupita pembeni bila kulowesha katikati, na vichipukizi hutoka kama njiti za kiberiti. Hapo ndipo wengi husema mwanzi umezeeka. Haujazeeka. Masika yakianza, laza pipa, uvute kichaka, ukate donge vipande viwili au vitatu kwa msumeno, maana panga hupasua tunguu vibaya. Kila kipande kibaki na mashina machache ya mwaka uliopita, kwa kuwa matunguu yake ndiyo yenye macho hai. Mazee kabisa yatupwe. Punguza majani nusu, jaza udongo mpya, weka kivulini hadi chipukizi la kwanza litokeze.