Treni ya Mezani na Mwisho wa Reli

Mwanasesere humfundisha mtoto ulezi. Je, treni ya kuchezea humfundisha nini? Swali hili hunijia kila ninapoitandika seti yangu kuukuu ya treni ya umeme, aina ya Hornby Dublo, hapa Mwanga, Kigoma. Ni kazi ya kampuni ya Meccano ya Liverpool, Uingereza, iliyoanza kuuza aina hiyo mwaka 1938. Wanaoiona ikizunguka husema Mzungu ana akili. Sina ugomvi na sifa hiyo. Lakini kichezeo nacho ni kazi ya sanaa, na kama tunavyokihukumu kitabu au mchezo wa jukwaani, tuna haki ya kukiuliza: kinasema nini kuhusu reli, na je, kinasema kweli?

Nianze na kosa lake kubwa. Ukiitandika seti kama ilivyokusudiwa, reli yake ni duara. Treni huondoka ili irudi ilikotoka, safari haipo. Mtu wa Kigoma hawezi kuliacha hilo lipite, kwani sisi tunaitwa watu wa mwisho wa reli. Reli ya Kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora mwaka 1912, na mwezi Februari 1914 ikafika hapa ziwani, mwendo wa zaidi ya kilomita 1,250. Pale reli inapokomea ndipo bahati za miji huamuliwa. Ujiji, soko na bandari ya misafara iliyovuma katika karne ya 19, iliachwa kando. Kigoma yenye ghuba ya kina ikapata stesheni na gati. Katika duara la mezani hakuna mji unaopata wala unaokosa. Hakuna abiria aliyelala juu ya mizigo yake akisubiri, hakuna magunia ya dagaa wala madumu ya mawese. Ni reli isiyomfaa mtu wala kumwumiza.

Vipimo navyo vina walakini. Treni imepunguzwa mara 76, lakini upana wa reli yake ni milimita 16.5. Ukizidisha unapata milimita 1,254: si 1,435 za Uingereza, wala si 1,000 za Reli yetu ya Kati. Na anayetaka kuitandika Reli ya Kati yote kwa kipimo hicho atahitaji zaidi ya kilomita 16, takriban mwendo wa kwenda Ujiji na kurudi. Tena kichwa cha treni kina bomba la moshi na umbo la injini ya mvuke, ilhali ndani mna mota ya umeme wa volti 12. Haya nayasamehe. Kila msanii hupunguza hapa na kuongeza pale ili kazi yake ienee mezani.

Thamani ya seti hii huonekana inapogoma, nayo hugoma mara nyingi. Umeme wake hupita relini. Reli ya katikati huuleta, zile mbili za pembeni huurudisha, na kichwa cha treni huudaka kwa vibati vinavyoburuzwa chini ya tumbo lake. Vumbi jekundu la Kigoma likitua juu ya reli, na unyevu wa ziwa ukizaa kutu kwenye bati, treni hutetemeka, hutoa cheche, kisha husimama. Asiyeijua hudhani mota imekufa. Aghalabu mota ni nzima. Reli ndiyo chafu. Dawa yake ni kitambaa laini kilicholowa spiriti kidogo, na subira. Msasa haufai, kwa maana hukwaruza reli, na kila mkwaruzo huwa maficho ya uchafu wa kesho. Kisha viungio hukazwa kimoja kimoja. Vikilegea viwili tu, kipande chote kilicho kati yake hukosa umeme.

Kichwa cha treni nacho kina masharti yake. Tone moja la mafuta mepesi kwa kila ekseli, basi. Mafuta yakizidi hufika kwenye shaba inayosuguliwa na kaboni za mota, yakachanganyika na unga wake na kuwa tope jeusi linalozuia umeme. Shaba hiyo hufutwa kwa spiriti, na kaboni zikiisha hubadilishwa. Transfoma ya zamani ndiyo pekee nisiyoihurumia. Mpira wa nyaya zake hukauka na kupasuka, na huko ndiko unakoingia umeme wa ukutani, ambao hauna masihara. Iwekwe kabatini kama kumbukumbu, itafutwe mpya inayotoa volti 12 za umeme wa aina ya betri.

Hapo ndipo kichezeo hiki kinaposema kweli: reli ni njia kwanza, kichwa cha treni baadaye. Mafuriko ya Desemba 2009 na Januari 2010 yalipoiharibu njia kati ya Kilosa na Gulwe, vichwa vya treni havikuwa na kosa lolote. Hata hivyo safari za abiria kutoka Dar es Salaam zilisimama kwa miezi, na huku mwisho wa reli tuliyaona matokeo yake.

Ziwa letu lina ushahidi mkubwa zaidi. Meli ya Graf von Götzen ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikapakiwa katika makasha, ikaletwa kwa reli ile ile na kuunganishwa upya hapa Kigoma, ikashushwa majini mwaka 1915. Mwaka 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe, lakini kwanza waliipaka mitambo yake grisi nzito. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Mafundi waliokuwa wakishindwa vita walipata muda wa kuilinda mashine. Sisi wenye amani tuna udhuru gani?

Nauliza kwa sababu treni za umeme si hadithi tena. Mwaka 2024 zilianza kubeba abiria katika reli mpya ya SGR, kwanza hadi Morogoro, kisha Dodoma. Na mkataba wa kipande cha Tabora hadi Kigoma ulitiwa saini Desemba 2022. Hofu yangu ni kwamba tutaipokea reli hiyo kwa kusifu akili za walioijenga, tukasahau kwamba anayesifu tu hajihesabu kuwa fundi, na asiyejihesabu fundi haoni ufa mpaka ukuta uanguke.

Basi hukumu yangu ni hii: kama picha ya reli, seti hii ni dhaifu, kama shule ya reli, haina bei. Nawe msomaji ukibahatika kuipata kama hii, usimpe mtoto swichi kwanza. Mpe kitambaa. Aisafishe njia, akaze viungio, atie tone lake la mafuta. Kitunze kikutunze, walisema wahenga. Akishaielewa kazi hiyo, muache aizungushe treni mpaka achoke.