Pigo Lisilotua: Kirumbizi na Swali la Sanaa

Katika Beyond a Boundary (1963), C.L.R. James wa Trinidad alidai bila kusita kwamba kriketi ni sanaa, ndugu wa tamthilia na dansi. Hoja yake ilihusu umbo: mpigaji na mrushaji hukabiliana ana kwa ana, huku kila mmoja akiibeba timu yake nzima. Mwaka 1974 mwanafalsafa David Best alifikia uamuzi wa kinyume. Mchezo waweza kupendeza, lakini kupendeza peke yake si sanaa. Sanaa sharti iweze kueleza mtazamo juu ya maisha.

Hoja ya Best ni nzito kuliko watetezi wa michezo wanavyokubali. Katika kandanda bao baya ni bao. Katika jimnastiki namna ya kutenda haitengani na lengo lenyewe. Mgawanyo huu unafaa, hadi tuufikishe Lamu.

Katika kirumbizi, wanaume wawili huingia uwanjani na fimbo, zumari ikilia, ngoma zikijibu, harusini au siku za Maulidi. Mmoja hutafuta mwanya, mwenziwe huuziba, na miguu ya wote wawili haiachi mdundo. Fimbo ni ya kweli, na mkono una nguvu za kweli. Ninachokitazama mimi ni pigo linaloweza kutua lakini halitui, au likatua juu ya fimbo badala ya utosi. Hapo pamesemwa jambo: naweza kukuumiza, na sikuumizi, mbele ya watu wetu. Kwa kipimo cha Best mwenyewe, huo ni mtazamo juu ya maisha, nao una jina la kwetu: uungwana. (Aliyesoma majibizano ya Muyaka na Zahidi Mngumi hatashangaa, beti zile zilikuwa silaha, wala hazikupungukiwa na ushairi.)

Ila kauli hiyo inategemea hatari. Asiyeweza kupiga hana cha kusamehe. Ndiyo maana naona kasoro kubwa katika kirumbizi kinachopangwa kwa ajili ya jukwaa, hata kikichezwa kwa ustadi: kila pigo limekaririwa, fimbo zimekuwa nyepesi, na wachezaji, badala ya kuchungana mikono, wanawatazama watazamaji.