Kitabu Kisichoazimika

Wenzangu wananiuliza: ndugu aliyeko Ulaya akitaka kukutumia mashine ya kusomea vitabu, umwambie alete ipi? Wanalinganisha kioo, chaji, bei. Mimi nauliza kwanza jambo lingine: kitabu ukishakilipia, unaweza kumwazima jirani?

Tuanze na sifa, maana zipo. Kioo cha Kindle au Kobo si kama cha simu. Kinasomeka hata juani, na chaji yake inakaa majuma. Hapa Buyenzi umeme ukikatika siku mbili, simu inazima, mashine hiyo inaendelea. Halafu uzito. Anayekimbia usiku habebi kabati la vitabu, na anayeondoka kwenda nchi ya tatu mizigo yake inapimwa. Kitu kinachoingia mfuko wa koti kikabeba mamia ya vitabu, kwetu si jambo dogo.

Kasoro iko kwenye umiliki. Kitabu cha karatasi ukikinunua ni chako: unakiuza, unakigawa, unawaachia watoto. Amazon, katika masharti yake, inasema kwamba kitabu cha Kindle hakiuzwi; unapewa leseni tu ya kukisoma. Julai 2009 kampuni hiyo ilifuta nakala za *1984* na *Animal Farm* za George Orwell ndani ya Kindle za watu waliokwisha kulipa, kwa sababu aliyeziweka dukani hakuwa na haki ya kuziuza. Pesa zilirudishwa, ndiyo, lakini vitabu viliondoka bila hodi. Mwaka 2019 Microsoft ilifunga duka lake la vitabu. Wateja wakarudishiwa pesa, vitabu vikaacha kufunguka. Na Februari 2025 Amazon iliondoa njia ya kushusha kitabu ulichonunua kwenye kompyuta ili ukihamishe kwa waya.

Sasa linganisha. *Animal Farm* hiyohiyo tunayo kwa Kiswahili tangu 1967, *Shamba la Wanyama*, tafsiri ya Fortunatus Kawegere. Mwenye nakala ya karatasi hana wasiwasi kwamba mtu wa mbali atabonyeza kitufe, ikatoweka rafuni.

Mkimbizi anajua vizuri maana ya kushika kitu kwa ruhusa ya mwingine. Kiwanja cha nyumba kambini, kadi ya chakula, karatasi ya kutoka: vyote vina mwenye kutoa na mwenye kunyang'anya. Kitabu kilikuwa kati ya vitu vichache ambavyo vikishafika mkononi, basi, ni vyako. Sitaki nacho kiingie kwenye orodha ile.

Nimeshuhudia mradi mmoja ukiwagawia vijana tableti zenye riwaya, akaunti zote zikiwa kwenye barua pepe ya ofisi. Mradi ukaisha, barua pepe ikafungwa, riwaya zikagoma kufunguka. Binti mmoja alikuwa amefika sura ya tisa. Mpaka leo ananiuliza kama yule mke alirudi kwa mumewe au hakurudi.

Silaumu kila mashine. Ideas Box, maktaba ya masanduku ya Bibliothèques Sans Frontières, ilipoletwa mwaka 2014 kwenye kambi za Wakongomani hapa Burundi, ilikuja na tableti pamoja na vitabu vya karatasi. Hiyo ni maktaba: unasoma, unarudisha, hakuna aliyekuambia ni mali yako. Ugomvi wangu ni juu ya kuita «zawadi» kitu ambacho mtoaji bado ameshika kamba yake.

Wengine watasema vizuizi vinamlinda mwandishi asiibiwe. Ni kweli mwandishi lazima ale. Lakini kumpa jirani kitabu ulichokinunua haijawahi kuwa wizi.

Basi chagua mashine inayofungua EPUB isiyofungwa, kama Kobo, na inayopokea faili kwa waya. Kama huna uwezo, simu yenye memori kadi inatosha kuanzia. Kwa watoto, African Storybook ina hadithi nyingi za Kiswahili zenye ruhusa ya wazi ya kunakili na kuchapa.

Na ninyi ndugu zetu wa mashirika, kabla hamjanunua mashine mia moja, ulizeni swali moja tu: siku ofisi ikifungwa, nani atafungua kitabu? Kama jibu ni «hakuna», hamjatoa vitabu, mmekodisha. Akaunti iwe ya msomaji mwenyewe, na nakala zinazoruhusiwa ziwekwe kwenye kadi yake.

Na wewe ambaye pesa yako inatosha kitabu kimoja tu, nunua cha karatasi. Andika jina lako ndani, kisha mwazime jirani. Akichelewa kukirudisha, angalau unajua mlango wa kugonga.