Winga Akigeuzwa Beki

Mechi ikiisha kwenye uwanja wa Kaitaba, mazungumzo ya njia nzima huwa ya mabao: nani kafunga, nani kakosa, nani alipaswa kutolewa tangu kipindi cha kwanza. Bukoba ni mji wa watu wenye hoja, na mpira nao haujasalimika. Hata hivyo ni nadra kumsikia mtu akisimulia krosi ambayo haikupigwa. Beki wa kushoto aliyemfungia winga dakika 90 hana cha kuonyesha. Kazi yake ikienda vizuri, hakuna kilichotokea.

Mabeki waliokulia kwenye kazi hiyo wanazidi kuificha, maana wanaifanya ionekane nyepesi. Ukitaka kuiona ilivyo, mpe mtu aliyezoea kazi ya upande wa pili. Chukua winga, mvue namba 11, mvishe namba 3, kisha mtazame anavyohangaika. Kila anapokosea utagundua jambo ambalo beki halisi hulifanya kila wiki mbele ya macho yako na hujawahi kuliona.

Kagera ni mahali pazuri pa kuliwazia hili. Kagera Sugar, Wanankurukumbi, walishuka daraja mwisho wa msimu wa 2024/25, na timu ikishuka, wachezaji wenye soko ndio huondoka wa kwanza. Mwalimu wa timu ya namna hiyo anaweza kujikuta ana mawinga watatu na hana beki wa kushoto hata mmoja. Hana fedha za kusajili, ana mazoezi ya asubuhi na jioni. Wachezaji wengi waliobadilishwa nafasi duniani walibadilishwa na ukata au na majeruhi, na sifa za ubunifu zikaja baadaye.

Upande wa kushoto wa Kaitaba, tena, una kipimo chake. Mohamed Hussein, anayejulikana kama Tshabalala au Zimbwe, aliichezea Kagera Sugar kabla ya kwenda Simba mwaka 2014. Akiwa Simba alikaa kwenye namba 3 zaidi ya miaka kumi, akafika kuwa nahodha, kisha mwaka 2025 akavuka mtaa kwenda Yanga. Huyo ni beki wa asili. Winga wetu atakayesimama upande huo atalinganishwa naye, apende asipende.

Walioipita njia hii wapo. Farid Mussa alijulikana kama winga tangu Azam, akaenda Tenerife ya Hispania, na aliporudi nyumbani kuichezea Yanga akawahi kupangwa beki wa kushoto. Kibwana Shomari, aliyetoka Mtibwa Sugar kwenda Yanga mwaka 2020, ni beki wa kulia anayetumia mguu wa kulia, lakini amekaba kushoto mechi nyingi. Erasto Nyoni alicheza pembeni, akacheza kati, akapanda hadi kiungo mkabaji, na kila alipopangwa alionekana kama alikuwepo tangu zamani. Ng'ambo, Antonio Valencia wa Ecuador alisajiliwa Manchester United mwaka 2009 kama winga, akaondoka mwaka 2019 akiwa beki wa kulia na nahodha. Gareth Bale alikwenda kinyume chake: alianza beki wa kushoto pale Tottenham, akasogezwa mbele, na mwaka 2013 Real Madrid wakamnunua kama mshambuliaji.

Sasa tumchore wa kwetu. Tumtoe Muleba, tuseme maeneo ya Kamachumu, alikojifunzia mpira kwenye uwanja wa shule ulio mgongoni mwa kilima. Ana mguu wa kushoto, ana mbio, ana chenga mbili anazoziamini. Tangu utotoni amepokea mpira goli likiwa mbele yake. Mwalimu anamwita pembeni baada ya mazoezi: "Kijana, Jumamosi utacheza namba tatu." Anajibu, "Sawa, mwalimu," kwa sauti ya mtu aliyeambiwa kuna msiba.

Kitu cha kwanza kinachomsumbua ni miguu. Winga hukimbia kwenda anakotazama. Beki hukimbia kwenda asikokuona. Mpinzani anapomjia na mpira, kijana wetu anasimama kifua wazi, miguu sambamba, kama alivyozoea kumsubiri mtu ampe pasi. Hilo ni kosa, maana aliyesimama hivyo anaweza kupitwa kulia, anaweza kupitwa kushoto, na anaweza kupigwa tobo. Beki mzoefu husimama kiubavu. Mguu mmoja mbele, mmoja nyuma, magoti yamelegea, uzito uko kwenye vidole. Kwa kusimama hivyo ameshachagua njia moja na kuifunga, akaacha nyingine wazi kwa makusudi. Mshambuliaji anadhani ameona upenyo, kumbe ameonyeshwa.

Tazama nyonga zake wakati mpira unapovuka mstari wa kati. Beki mzuri anaanza kurudi nyuma kabla ya mpinzani kuongeza mwendo, kwa hatua fupi za kubadilishana, karibu kama anayeshuka ngazi kinyumenyume. Mpinzani anapousukuma mpira mbele, yeye anageuza nyonga mara moja tu, na tayari wako bega kwa bega. Winga aliyegeuzwa beki husubiri hadi mpira usukumwe ndipo ageuke. Kugeuka mwili mzima kunamla hatua mbili, na kwa mtu mwenye mbio hatua mbili ni krosi. Ndiyo maana kasi yake, ile iliyomfanya apendwe Kaitaba, haimsaidii wiki za mwanzo. Anakimbia kuliko wote na bado anachelewa.

Cha pili ni macho. Winga anaishi kwa kutazama mtu: anamtazama beki usoni, anamtikisia bega, anamsoma ameegemea wapi. Akiwa beki akiendelea kutazama bega na macho ya mpinzani, atakula kila danganya-toto. Mwili unadanganya, mpira haudanganyi. Atafundishwa kuushusha uso hadi kwenye mpira na kuacha mabega yacheze yanavyotaka. Mvua ya Bukoba ikishanyesha na nyasi bandia za Kaitaba zikalowa, somo hili linakuwa gumu zaidi, kwa sababu mpira unateleza haraka kuliko mguu unaoufuata, na anayeingia kichwa kichwa anajikuta amekaa chini huku mwenzake yuko kwenye kumi na nane.

Cha tatu ndicho kigumu kuliko vyote: kutofanya kitu. Mshambuliaji analipwa kwa kujaribu. Akipoteza mpira mara tano na mara ya sita akafunga, jukwaa linamsamehe yote. Beki akijaribu mara sita na akakosea moja, mpira uko wavuni. Kwa hiyo kazi yake kubwa ni kumsindikiza mtu, kama unavyomsindikiza mgeni hadi barabarani: unatembea naye, humkimbizi, humzuii, lakini wewe ndiye unayejua mnaelekea wapi. Beki anampeleka winga kwenye kibendera cha kona, mahali ambapo mstari wenyewe unasaidia kukaba. Huko mpinzani ana njia mbili tu, arudishe pasi nyuma au apige krosi mguu ukiwa umebanwa. Yote mawili ni ushindi wa beki, na hakuna litakaloandikwa kwenye karatasi ya mechi.

Kuna kazi nyingine ambayo mtazamaji haoni kabisa kwa sababu mpira hauko hapo. Uwanja una upana wa mita 68. Mpira ukiwa upande wa kulia kabisa, beki wa kushoto hapumziki. Anatakiwa aingie ndani hadi usawa wa nguzo ya mbali, awe karibu na beki wake wa kati, na kila sekunde chache ageuze shingo kuona kama kuna mtu anayenyemelea mgongoni. Kijana wetu wa Kamachumu hataliona hili. Akiwa winga, mpira ukienda upande wa pili alikuwa anashika kiuno na kusubiri zamu yake. Kwa hiyo mechi ya kwanza atafungwa hapo hapo: krosi ndefu, yeye kautolea macho mpira, mtu kapita nyuma yake, kichwa, bao. Kipa atamfokea. Jukwaani atasikia mtu akisema, "Waitu, mrudisheni mbele huyo!"

Wasimrudishe. Kuanzia hapo ndipo faida inapoanza kuonekana, na inatoka kule kule alikotoka. Mtu aliyecheza winga miaka kumi anajua kitu ambacho beki wa asili anakijua kwa kusimuliwa tu: anajua winga anataka nini. Anajua kwamba mwenye mguu wa kulia anayecheza kushoto atakata ndani, na kwamba kabla ya kukata huwa anagusa mpira mara moja ndogo kuurekebisha. Sehemu ile ya kugusa ndiyo ya kuingilia. Anajua uchungu wa kukabwa na beki asiyekupa mwili wake, anayekaa umbali wa mkono mmoja na kukataa kudanganyika. Anajua mtego wa kuotea kwa upande wa anayeutegua: ameshinda mechi nyingi akivizia beki mmoja aliyechelewa kupanda na wenzake, maana mmoja huyo akibaki nyuma, anawaruhusu washambuliaji wote. Sasa yeye ndiye asiyetakiwa kubaki. Akikumbuka alivyokuwa akimtafuta mtu wa namna hiyo kwa macho, atapanda kwa wakati bila kuitwa.

Mpira ukiwa kwao ndipo anapokuwa mali. Beki wa asili akipanda hadi mwisho wa uwanja huwa anapiga krosi na kuomba Mungu. Huyu anainua kichwa, anachagua, anamwaga majalo yenye anwani. Mguu wake wa kushoto nao unamlinda: anapookoa, mpira unatoka nje kuelekea pembeni. Ukimtazama mwenye mguu wa kulia anayekaba kushoto, kama Kibwana, utaona kazi ya ziada aliyonayo. Akitaka kuondosha hatari kwa mguu anaouamini, mwili wake unafungukia katikati, mahali pa hatari, kwa hiyo lazima ajue pasi inakwenda wapi kabla mpira haujamfikia. Mpira huo anaupiga kwa mguso mmoja, na jukwaani unaonekana wa kawaida.

Mpaka kati ya kukaba na kushambulia ni mwembamba kuliko namba za jezi zinavyotuambia. Tarehe 24 Machi 2019, Taifa Stars walipoifunga Uganda 3-0 Dar es Salaam na kufuzu AFCON kwa mara ya kwanza tangu mwaka 1980, bao la kwanza lilifungwa na Simon Msuva, mshambuliaji. Mawili yaliyofuata yalifungwa na Erasto Nyoni kwa penalti na Aggrey Morris kwa kichwa, na wote wawili walikuwa watu wa ulinzi. Lilian Thuram, beki wa Ufaransa, aliichezea nchi yake mechi 142 na kuifungia mabao mawili tu. Yote mawili aliyafunga siku moja, nusu fainali ya Kombe la Dunia mwaka 1998 dhidi ya Croatia, baada ya kuchelewa kupanda na kumruhusu Davor Šuker afunge. Beki aliyesababisha bao ndiye aliyekwenda kulirudisha.

Wanankurukumbi wenyewe wana siku yao ya namna hiyo. Tarehe 19 Mei 2018 walikwenda Uwanja wa Taifa kucheza na Simba waliokwisha kuwa mabingwa, hawajafungwa msimu mzima, na Rais Magufuli amefika kuwakabidhi kombe. Kagera Sugar walishinda 1-0. Bao la Edward Christopher ndilo linalokumbukwa, na penalti ya Emmanuel Okwi ambayo Juma Kaseja aliipangua dakika za mwisho. Lakini bao moja haliwezi kutosha kama nyuma yake hakuna dakika nyingi za kusindikiza, kuziba na kugeuza shingo. Ule ulikuwa ushindi wa watu waliokubali kukaa bila mpira, mbele ya rais na uwanja mzima uliokuja kwa sherehe ya wengine, bila kuvunjika moyo.

Mpe kijana wetu nusu msimu. Nyonga zitaanza kugeuka zenyewe. Atapigiwa makofi mara chache kuliko zamani, na atakaporudi likizo Muleba wadogo zake watamuuliza mbona siku hizi hafungi. Atakuwa na shida ya kuwaeleza, kwa sababu mechi zake bora zitakuwa zile ambazo winga wa timu pinzani alitolewa dakika ya 60 na mwalimu wake akasema kijana hakuwa kwenye siku yake. Hakuwa kwenye siku yake kwa kuwa kuna mtu aliyemnyima siku hiyo, hatua kwa hatua, kuanzia filimbi ya kwanza.

Dirisha la usajili likifunguliwa na timu ikapata beki wa kushoto wa kununua, mwalimu atashawishika kumrudisha mbele. Atakuwa winga bora kuliko alivyokuwa, hilo halina ubishi, maana sasa anajua kila anachokiogopa beki. Hata hivyo ningekuwa mimi ndiye mwenye kupanga kikosi, ningemwacha alipo na huyo mpya akagombee namba. Mawinga wenye chenga mbili tunao wengi katika mkoa huu. Mtu anayejua pande zote mbili za mpira na akakubali kukaa upande usio na sifa hapatikani kwa dirisha moja la usajili.