Lubugo na Tarakilishi: Tahakiki Fupi ya Mvuto wa Kazi ya Mkono

Mara kwa mara husikika madai kwamba, kutokana na utandawazi na kuenea kwa tarakilishi, sanaa za mkono zinaelekea kaburini, na kwamba wanaozipenda hadi leo wanasukumwa tu na hamu ya mambo ya kale. Makala haya yanayapinga madai hayo kwa kuitazama lubugo, yaani kitambaa cha gome la mti cha Waganda. Hoja yetu ni kwamba kazi ya mkono ina mvuto kwa sababu ileile inayoipa fasihi simulizi uhai: kila inapotendwa huwa mpya, na aliyeitenda huonekana ndani yake.

Tuanze na utengenezaji. Gome hubanduliwa kwenye mti wa mutuba wakati wa mvua, kisha shina hufungwa majani ya mgomba ili lipone na kuota gome jingine. Gome lililobanduliwa hupondwa kibandani kwa nyundo za mbao zilizochongwa mistari, hadi lilainike na kutanuka. Likianikwa juani hupata rangi ya udongo mwekundu. Palipo na tundu hushonwa kiraka. Alama za nyundo na viraka hivyo havifichwi. Mwenye jicho lililozoea huona fundi alipokaza mkono na alipoulegeza. Tarakilishi inaweza kuinakili sura ya kitambaa hiki na kuichapa juu ya pamba mara elfu moja. Lakini kiraka kilichochapwa hakizibi tundu lolote.

Aidha, tarakilishi si mshindani wa kwanza wa lubugo. Nguo za pamba zilizoletwa na misafara ya wafanyabiashara Waarabu katika karne ya 19 ndizo zilizoanza kuiondoa katika mavazi ya kila siku. Hata hivyo, ilibaki katika mazishi na katika kutawazwa kwa Kabaka. Mwaka 2005 UNESCO iliutangaza ufundi huu kuwa miongoni mwa turathi za binadamu, na mwaka 2008 ukaingizwa katika Orodha Wakilishi. Kama mvuto wake ungetokana na matumizi ya kila siku peke yake, ungekwisha zamani. Na kama ungetokana na hamu ya ukale tu, wasanii wa leo wasingeujaribu kwa namna mpya. Sanaa Gateja, kwa mfano, hushona shanga za karatasi zilizotumika juu ya lubugo, akapata michoro ambayo mababu hawakuijua.

Hata hivyo, sifa hizi zina upande wa pili ambao wahakiki wengi huupita kimya. Mwaka 2022 Uganda iliposhiriki kwa mara ya kwanza kwa banda lake katika maonyesho ya Venice nchini Italia, Acaye Kerunen alionyesha kazi zilizotokana na ufumaji wa wanawake mafundi, na banda hilo likapewa tuzo ya kutajwa kwa heshima. Kazi za namna hiyo zinatulazimisha kuuliza: msanii ni nani? Ni aliyefuma, au ni aliyeunganisha vilivyofumwa? Kwa maoni yetu ni wote wawili. Tatizo huzuka pale ambapo mtazamaji anausifu mkono huku hajui ni mkono wa nani.

Sisi walimu wa Kiswahili tunalijua tatizo hili vizuri. Ngano nyingi za Afrika Mashariki zilichapishwa zikiwa na jina la mkusanyaji juu ya jalada, ilhali jina la fanani halikuandikwa popote. Leo tunamsahihisha mwanafunzi anayeleta hadithi bila kumtaja aliyeisimulia, mahali na hadhira. Iweje basi alete picha ya lubugo, mkeka au kikapu, aandike chini yake "sanaa ya jadi", nasi tumpe alama zote?

Kwa hiyo tunapendekeza kwamba wanafunzi wetu wanaokwenda nyanjani wamhoji fundi kama wanavyomhoji fanani, na kwa idhini yake waandike jina lake, zana zake na istilahi za lugha yake. Simu ya mkononi itawasaidia sana katika kazi hiyo. Picha itahifadhi sura ya kitambaa. Jina la aliyekiponda halitahifadhiwa asipokuwapo wa kuliuliza.