Chembe mia moja

Mtoto akiharisha damu hupimwa choo. Tone la damu nalo lina kazi yake, na kazi hiyo inategemea mkono na jicho la mtaalamu wa maabara.

Mtoto mkubwa kidogo humchoma kidoleni, mchanga kisiginoni. Tone la kwanza hulifuta kwa pamba kavu, maana limechanganyika na majimaji ya mwilini. Analolitaka ni la pili. Hulipokea kwenye kioo, husimamisha kioo kingine mbele ya tone kwa mshazari, hukirudisha nyuma mpaka kiguse damu, huiacha itambae ukingoni, kisha hukisukuma mara moja tu. Akisita, utando unaingia mistari. Utando mzuri huanza mzito na kuishia mwembamba, mpaka chembe za damu zinalala mojamoja. Hapo ndipo pa kusoma.

Kioo kikikauka hukigandisha kwa methanoli, hukitia rangi ya Giemsa, hukiosha na kukianika. Kisha tone la mafuta, hadubini, na hesabu ya chembe nyeupe 100, akizipanga aina kwa aina bila kurudia mahali alipokwisha kupita. Mojawapo ya aina hizo ni nyutrofili. Iliyokomaa ina kiini kilichogawanyika vipande vilivyoshikana kwa nyuzi nyembamba. Ile changa kiini chake ni kama utepe uliopinda. Kwa mtoto anayeharishwa damu na kijidudu kiitwacho shigela, hizi changa zaweza kuwa nyingi mno hata kama jumla ya chembe nyeupe ni ya kawaida. Anayeangalia jumla peke yake atasema mtoto hana neno! Aliyekaa na kioo ameona kwamba uboho unatoa chembe kabla hazijakomaa, kwa sababu mahitaji yamezidi. Mimi sijaona usomaji makini kuupita huu.

Na fundi mzuri anajua mahali pa kuishia. Chembe changa hazitaji jina la kijidudu. Huongeza shaka tu, na choo bado kioteshwe. Mwaka 1897 huko Japani, Kiyoshi Shiga alipokuwa akisaka chanzo cha kuhara damu, kijidudu hicho cha shigela alikitoa kwenye choo, ila ushahidi aliuchukua kwenye damu: maji ya damu ya wagonjwa yalikifanya kigandamane mafungumafungu. Vipimo hivyo viwili vilihitajiana tangu mwanzo.

Anapohesabu nyeupe, jicho haliziachi nyekundu. Huenda humo mna vimelea vya malaria, nayo malaria kwa watoto wetu huweza kuja na kuharisha. Akikuta chembe nyekundu zilizokatikakatika, zenye pembe, na chembe sahani zimepungua, hangoji majibu yachapwe. Huenda sumu ya kijidudu imeumiza mishipa midogo na figo za mtoto zimo hatarini. Hunyanyua simu na kupiga wodini ili figo zipimwe upesi na mkojo wake uanze kufuatiliwa, umetoka kiasi gani na saa ngapi.