Juu ya Tangazo Moja la Sinema

Si desturi yetu kupima matangazo ya sinema katika kurasa hizi. Tangazo ni karatasi ya ukutani, mvua ya Bukavu hulimaliza upesi. Lakini liko moja ambalo vijana wa seminari walituletea ndani ya simu, nasi tukalitazama zaidi ya mara moja.

Ni la mwaka 2014. Kampuni ya Lionsgate ya Marekani ilikuwa ikitayarisha sinema ya tatu ya The Hunger Games. Kisa chake ni cha nchi isiyokuwapo, jina lake Panem. Wanaojifunza Kilatini watalitambua neno hilo: ni mkate, ule ambao Juvenalis aliutaja pamoja na michezo alipowalaumu Warumi. Katika kisa hiki mji mkuu unakula, wilaya zinafanya kazi, na kila mwaka watoto wa wilaya wanatolewa wauane mbele ya watazamaji. Basi kampuni ilitangulia kutoa picha saba kana kwamba zimechapishwa na serkali ya Panem yenyewe, kuwasifu mashujaa wa wilaya: huyu wa mbao, huyu wa nafaka, huyu wa makaa ya mawe.

Ufundi wake ni mkubwa, tusikatae. Mfanyakazi anaonyeshwa peke yake, amepambwa, kama mtakatifu katika dirisha la rangi la kanisa. Wala hakuna neno ambalo ungeliita uongo: ni kweli wilaya ile inachimba makaa, na serkali inashukuru tu. Katekista mmoja wa upande wa Kamituga, tulipomwonyesha, aliuliza jambo moja: shimo liko wapi? Tulilitafuta. Shimo halimo. Wala mshahara haumo, wala msimamizi, wala mwenye kununua. Maprofesa wangetumia kurasa kumi kusema alichokisema yeye. Kumsifu mtu kwa kazi yake na kuificha kazi yenyewe, ndiyo propaganda yote.

Nchi yetu iliujua ufundi huu bila sinema. Katika miaka ya 1970, wakati wa Zaïre, kazi ya lazima isiyolipwa iliitwa salongo, nayo iliimbwa na kuchezewa ngoma. Televisheni nayo ilionyesha uso wa Mobutu kati ya mawingu, mbele ya habari za jioni. Wazee wetu walielewa vema. Waliotaka kucheka walifunga mlango kwanza.

Na hapa tunalaumu tangazo. Linataka tuucheke mji mkuu wa Panem, lakini limetupendeza mbele ya kutuchekesha. Anayejua kisa atacheka. Asiyekijua ataona uzuri tu. Mseminari mmoja alikuwa ameiweka picha hiyo kuwa pambo la simu yake, na sinema alikuwa hajaiona hata kidogo! Kampuni nayo ilipata mara mbili: ilidhihaki serkali inayopamba wachimbaji, kisha ikauza tiketi kwa pambo lile lile.

Tuseme haki lakini. Sinema yenyewe haijifichi. Waasi nao wanamvika Katniss, wanamsimamisha mbele ya kamera na kumfundisha maneno, naye anachoka. Sehemu hiyo tuliipenda kuliko vita vyote, kwa sababu inawapima hata wale ambao mtazamaji anawatakia ushindi. Tangazo halina kipimo hicho.

Na simu iliyotuletea picha? Ndani yake mna tantali, pengine ya coltan iliyochimbwa Kalehe. Mchimbaji wa Kalehe hatukumwona bado katika tangazo lolote la simu, hata kwa kupambwa.

Tulimwuliza yule katekista angechora nini yeye. Akasema angechora mlango wa shimo, na wanawake wakingoja nje.